Hawakwenda, Baba

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kazini nimekuta ukuta mtupu. Lile gazeti la baba, lenye fremu, lililokaa juu ya redio tangu sijazaliwa, halipo. Msumari tu, na alama ya mstatili mweupe pale rangi ilipokuwa haijafifia. Nikamwuliza. Akajibu kwa utulivu, kama mtu anayeeleza hali ya hewa: ameliondoa. Hawezi kuendelea kutundika uongo nyumbani kwake.

Uongo gani tena, baba?

Wa Mwezini. Hakuna aliyekwenda.

Nikacheka. Baba ana utani wake mkavu, nikadhani ndio huo. Hakucheka.

Gazeti lile alilipanga kwa mkono wake! Alikuwa na miaka kumi na tisa, mwanagenzi katika kiwanda cha uchapaji. Siku hiyo mpanga chapa mkuu aliumwa, kichwa cha habari kikamwangukia yeye: BINADAMU WATUA MWEZINI. Herufi za madini ya risasi, kubwa kama vidole gumba, zinapangwa kinyumenyume. Hadithi hiyo nimeisikia mara mia. Alivyotetemeka. Alivyosahau N moja akaishtukia mashine ikiwa tayari inaunguruma. Kusema kweli ndiyo iliyonifanya mimi nikawa mwalimu wa fizikia. Wengine walilelewa kwa ngano za sungura, mimi nimelelewa kwa Mwezi.

Leo amenionyesha viganja vyake. "Mikono hii ndiyo iliyowapangia uongo wao."

Nikaenda kuteleka chai.

Jumanne, 4 Machi

Chanzo nimekijua. Ni fundi saa wa pale kona. Mtaa mzima unamwita Ushahidi, maana ukimwambia lolote, hata kwamba mvua inanyesha, atakuuliza: ushahidi uko wapi? Baba anashinda kibandani kwake tangu mama afariki, mwaka wa pili huu. Fundi ana simu kubwa yenye kioo kilichopasuka. Humo ndimo video zinamotoka.

Nimepitia pale nikitoka shule. Wanaume wanne kwenye benchi, baba katikati. Wakanishukia kama mvua ya mawe. Bendera inapepea, na huko hakuna upepo! Nyota mbona hazionekani? Na kama walifika enzi za simu za kuzungusha, mbona leo hawaendi kama watu wanaokwenda sokoni?

Nikajibu moja moja. Bendera ilikuwa na fimbo juu. Ukiitikisa mahali pasipo hewa, hakuna cha kuituliza upesi. Nyota — hebu mpigeni picha mtu aliyesimama kwenye mwanga mkali, muone kama taa ndogo za mbali nyuma yake zitatoka. Niliongea vizuri, jamani! Sijapata kufundisha vizuri vile. Fundi alinisikiliza mpaka mwisho, kile kioo chake cha kukuzia bado kimebanwa jichoni. Kisha akauliza, kwa upole kabisa:

"Mwalimu, wewe ulikuwepo?"

Wakaangua kicheko. Na baba naye.

Alhamisi, 6 Machi

Darasani, kidato cha tatu. Nikasema ngoja nipime. Wangapi wanaamini binadamu alifika Mwezini? Wanafunzi arobaini na wanne. Mikono kumi na tano. Wawili kati yao waliinua baada ya kuniangalia usoni.

Wengine wanasema wameona kwenye simu. Mmoja kasema mjomba wake ni mhandisi na hata yeye haamini. Nikaeleza dakika arobaini — vioo vilivyoachwa kule, mwanga unavyorushwa kutoka hapa ukagonga na kurudi. Mwisho nikauliza tena. Mikono kumi na saba.

Wawili. Kwa dakika arobaini.

Jumapili, 9 Machi

Nimepangusa vumbi juu ya kabati la baba. Nimekuta chupa ya dawa ya macho. Imejaa! Haijafunguliwa hata muhuri. Ya tangu mwanzo wa mwezi uliopita.

Baba ana presha ya macho. La kulia lilishazimika kabla hatujajua. La kushoto ndilo linaloshikiliwa na yale matone, asubuhi na jioni. Daktari alituambia wazi: kinachopotea hakirudi.

Nikamwekea chupa mbele yake. Sikupiga kelele. Nilitamani kupiga kelele.

Akasema: walewale. Waliodanganya juu ya Mwezi ndio haohao wenye vitabu, wenye mashine, wenye makoti meupe.

"Baba, hii ni dawa tu."

"Walisimama mlangoni pa wodi," akasema, "wakaniambia mama yako atapona. Kwa uso mkavu. Wiki hiyohiyo nikamzika."

Basi. Kumbe shida yake wala si Mwezi. Nimeketi na maneno hayo mchana kutwa. Bendera naweza kuieleza. Hilo la mama nitalielezaje?

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda peke yangu kwa daktari wa macho. Kijana, mcheshi, mwepesi wa maneno. Nikamwambia matone hayakutiwa. Ucheshi ukamtoka. Akafungua faili, akasema hapo hatuwezi kutegemea dawa tena, ni upasuaji, na upesi. Ametupa tarehe: Alhamisi, 27 Machi. Nikamwuliza, tukichelewa? Akaiweka kalamu chini. Akajifunika jicho la kushoto kwa kiganja.

Baba kasema haendi.

Jumatano, 12 Machi

Nimemeza kiburi nikaenda kwa Ushahidi. Nilikuwa nimejiandaa kumpasha. Nikamkuta anakula mkate, akanipisha kwenye kiti chake.

Nikamwambia: Fundi, umempofusha baba yangu.

Akaacha kutafuna. Akaapa kwamba hajawahi kumkataza dawa. Hata hakujua kuna dawa! Yeye alizungumza Mwezi tu, mazungumzo ya kupitisha siku. Kisha akasema jambo ambalo sikulijua: kila asubuhi anafunga kibanda, anakuja kumchukua baba nyumbani kwetu na kumvusha barabara, maana pikipiki za upande wa kulia mzee hazioni. Jioni anamrudisha. Mwaka mzima. Mimi wakati huo nafundisha watoto wa watu.

Nilikuja kugomba nikaondoka nimeinamisha kichwa.

Jioni akaja kuzungumza na baba, kama alivyoniahidi nilipoaga. Nikawasikia kutoka jikoni. Alimsihi baba kwelikweli — mzee wangu, tia dawa, Mwezi ni mbali, macho ni yako. Na baba akamjibu: "Kumbe hata wewe wamekufikia."

Fundi alipotoka alinipita bila kuaga. Macho yake mekundu.

Alhamisi, 13 Machi

Baba hakwenda kibandani. Amekaa ndani, uso kaelekeza dirishani. Sasa hana hata benchi.

Ijumaa, 14 Machi

Kaka mkubwa amepiga simu. Yeye yuko mbali, na walio mbali hawakosi ushauri. Nikamweleza yote. Akasema: dada, mkubalie! Mwambie hawakwenda. Mwezi unakupunguzia nini? Akiona uko upande wake atakufuata mpaka hospitali.

Nikamwambia mimi ni mwalimu wa fizikia.

Akasema: kwanza wewe ni mtoto wake.

Kinyozi hajinyoi, nilimjibu. Tukacheka kidogo. Kicheko kikaisha.

Jumamosi, 15 Machi

Sitamdanganya. Kila mtu anadai kadanganywa, halafu na mimi niongeze langu? Sitamdanganya.

Jumatatu, 17 Machi

Saa nne asubuhi — shule zimefungwa leo kwa mkutano wa walimu wakuu. Jua kali sebuleni. Baba akamimina chai pembeni ya kikombe, mezani, ikatiririka mpaka gotini. Akaruka. Kisha akauliza mbona sijafungua mapazia.

Mapazia yalikuwa wazi.

Nikapangusa meza. Nikampangusa goti. Nikiwa bado nimepiga magoti pale chini nikasikia sauti yangu:

"Hawakwenda, baba."

"Nani?"

"Huko Mwezini. Hawakwenda. Ulisema kweli."

Kitambaa kinanichuruzika mkononi. Nilidhani ataruka kwa furaha. Alinyoosha mkono akanipapasa, akapata kichwa changu.

"Ulijua siku zote?"

Nikasema ndiyo. Ukishaingia kwenye matope huchagui pa kukanyaga.

"Na watoto wa watu unawafundisha hivyohivyo?"

"Ndiyo, baba."

"Maskini mwanangu," akasema. "Mzigo gani huo." Akanihurumia! Machozi yakamtoka, hata lile jicho lililozimika linatoa machozi. Kisha akasema mtu wa kwanza kumwambia kweli tangu mama afe ni mimi. Na kwa hiyo, kama mimi nasema huyu daktari wa macho ni mwema, atakwenda.

Nilishinda. Nimekwenda bafuni kukamua kitambaa.

Jumanne, 18 Machi

Ametia matone asubuhi na jioni. Mwenyewe kaniita nimshikie kope. "Weka, mwanangu, wewe nakuamini."

Ijumaa, 21 Machi

Amerudi kwenye benchi. Kapatana na fundi, na habari ya kwanza aliyowapelekea ni mimi. Binti yangu mwalimu, msomi, kakiri kwa kinywa chake! Leo nilipopita pale wanaume wakasimama kunisalimu. Mmoja kanishika mkono kwa mikono miwili. Ati nina moyo wa simba. Ushahidi peke yake hakusimama. Aliniangalia, akajua. Akarudi kwenye saa yake.

Na maneno yana miguu. Kipindi cha tatu, msichana wa mbele — mmoja wa wale kumi na tano, yule asiyekosa daftari — akainua mkono. Mwalimu, ni kweli umesema walitudanganya? Babu yangu kasikia kwa baba yako.

Arobaini na wanne wananitazama. Nikisema si kweli, kabla ya jioni baba atakuwa na habari. Zimebaki siku sita.

Nikasema: fungueni ukurasa wa hamsini na mbili.

Akafungua. Hakuandika kitu kipindi kizima.

Jumatano, 26 Machi

Kesho. Nimempigia pasi shati jeupe. Amenyoa ndevu kwa kupapasa, kajikata kidevuni, anajicheka. Kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi amezungumzia kiwanda cha uchapaji — harufu ya wino, mafundi waliokunywa maziwa eti kuondoa sumu ya risasi. Kichwa cha habari hakukitaja. Nikamwuliza gazeti liko wapi. Kalichana, kasema. Vipande vidogovidogo, mtu asije akaliunga tena.

Alhamisi, 27 Machi

Naandika hapahapa korido ya hospitali.

Yote yalikuwa yanakwenda sawa. Muuguzi kamtia matone ya ganzi. Daktari akaja na fomu ya ridhaa, akamsomea polepole, kwa heshima. Baba anaitikia, kalamu mkononi, nami nimemwelekezea kidole penye mstari. Nimesimama kuliani kwake, upande asioona.

Akasita. Akatabasamu, kama mtu anayetaka kushiriki siri.

"Daktari, nikuulize moja. Binadamu walikwenda Mwezini?"

Nikamtikisia daktari kichwa. Kwa nguvu. Nikamkonyeza, nikaunganisha viganja kumwomba. Hakuelewa! Akacheka kicheko chake chepesi.

"Walikwenda, mzee wangu, hilo nalo la kuuliza? Mbona binti yako anatikisa kichwa? Si uliniambia ni mwalimu wa sayansi?"

Baba akageuza uso wote kunitafuta.

"Unatikisa kichwa kwa nini, mwanangu?"

Daktari anatuangalia sisi wawili, tabasamu limemganda.

"Walikwenda au hawakwenda?"

Ningeweza kusema hawakwenda. Ningeweza kusema walikwenda. Nikasema la tatu, baya kuliko yote mawili:

"Baba, weka sahihi kwanza."

Kisha akaiweka kalamu mezani, taratibu, akaipapasa kuhakikisha haibingiriki.

"Hivyohivyo waliniambia madaktari wa mama yako," akasema. "Weka sahihi kwanza."

Akainuka. Akapiga bega kwenye fremu ya mlango, akatoka.

Sasa tumekaa kwenye benchi la mbao, yeye ncha ile, mimi ncha hii. Wamemchukua mgonjwa wa nyuma yetu. Daktari kasema anaweza kutungoja mpaka saa sita, baada ya hapo chumba kina wenyewe. Ni saa tano na dakika ishirini. Nimemsogelea mara mbili. Mara zote mbili amesogea.

Amezungumza mara moja tu. Hakupandisha sauti. Kasema hata sasa simtaki daktari wala muuguzi, nakutaka wewe, uniambie kweli moja tu, yoyote ile, nami nitajua la kufanya.

Kweli ipi? Nikimwambia walikwenda, nakiri nilimdanganya nimepiga magoti. Nikimwambia hawakwenda, namdanganya sasa, na atasikia kwenye sauti. Baba alisoma herufi kinyumenyume maisha yake yote.

Muuguzi ametoka tena na faili. Ananiangalia mimi. Baba naye ananiangalia — au anaangalia pale anapodhani nipo.