Maji ya Kupoza Chuma

Free Area, Nakuru

Kwako Baba,

Natumaini goti linakupa nafuu, na kwamba Mama bado anakukataza kupanda juu ya paa. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio umechafuka, na sitaki kukuficha. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza kabla sijafika popote, halafu unaanza kuniombea. Barua hii anakuletea Nekesa, binti ya shangazi, ambaye amenipa mahali pa kulala tangu nifukuzwe kazi. Tafadhali isome mpaka mwisho, halafu ndipo ukasirike.

Injinia Makokha alikupigia akakwambia nimemwaibisha mbele ya wageni wanaofadhili kituo chetu. Baba yake, yule mzee wa kanisa letu, akaja nyumbani akanywa chai, na mkakubaliana kwamba nitampigia Injinia magoti niombe msamaha ili anirudishe kazini. Habari hizo nimezipata kwa Mama. Wewe hukuniuliza hata swali moja. Sasa nakueleza yaliyotokea, ingawa umekwisha kunihukumu.

Miaka yote ulikuwa ukihudumia boila za kiwanda cha sukari, kwa hivyo utanielewa haraka kuliko wale wageni wenye suti. Kituo chetu kiko nje ya mji, panapotoka mvuke ardhini. Kazi yetu ni kushindilia haidrojeni kwenye mitungi, iende ikaendeshe jenereta zisizotoa moshi. Hatutumii pistoni. Tuna mabomba mazito yaliyojazwa unga wa chuma cha aina yake. Unga huo ukiwa baridi unameza gesi kama mkate unavyonyonya chai. Ukiupasha moto unaitema, na inatoka kwa nguvu nyingi kuliko ile iliyoingia nayo. Moto tunao wa bure, unatoka chini ya ardhi. Shida yetu ni baridi. Unga ukimeza gesi unapata joto wenyewe, na usipoupoza unagoma kumeza.

Mwanzoni tulikuwa na feni kubwa ya kupoza maji, yakawa yanazunguka yaleyale kila siku. Feni ikaungua. Badala ya kungoja nyingine, Injinia akaamuru bomba la maji ya wanakijiji litolewe tawi lije kwetu. Maji yanapita nje ya yale mabomba mazito, hayagusi unga wala gesi. Yanatoka vuguvugu na safi, kisha yanamwagwa kwenye mtaro ndani ya ua wetu, mchana kutwa. Huko chini kijijini, watu wakifungua mfereji wanapata upepo. Wakawa wanalaumu kiangazi.

Baba, kitu hicho kiliniuma. Mama Wanjiru, mwenye nyumba niliyopanga, anakula kwa kufulia watu nguo. Mikono yake imepasuka kwa maji baridi na sabuni. Alikuwa akitembea mpaka shamba la tajiri mmoja kuomba maji ya kisima, anarudi na jerikeni mgongoni, na mimi kazini natazama maji vuguvugu mazuri ya kufulia yakiingia kwenye matope. Nikaenda kwa Injinia kwa adabu zote ulizonifundisha.

“Boss, hii maji ni safi. Tupitishe tu paipu nje ya fence, wamama wachote huko.”

“Shadrack, wageni wanakuja this week. Unataka wapate laini ya majerikeni hapo, na nguo zimeanikwa kwa fence? Hii ni site, si mto.”

“Basi si tungoje feni ikuje?”

“Enda ufanye kazi yako.”

Nikarudi nyumbani nikamwambia Mama Wanjiru maji yao yako wapi. Ndiyo, nilimwambia. Hapo Injinia hakukudanganya, ila anaita hiyo siri ya kampuni, na mimi sijui tangu lini maji ya watu yakawa siri. Kesho yake mama huyo akaja getini na majirani wawili. Hawakupiga kelele. Waliomba tu wachote yale yanayomwagwa. Injinia akatoka ofisini, akawatazama, akamwambia soja wa getini achukue jerikeni zao azitoboe kwa panga. Soja akazitoboa zote, moja baada ya nyingine, huku akiangalia chini.

“Si mngesema tu hapana?” Mama Wanjiru akamuuliza. “Jerikeni imewakosea nini?”

Injinia alikuwa amekwisha kurudi ndani. Nilishikwa na hasira, na bado ninayo nikiandika.

Wageni walipokuja, Injinia akawapanga mbele ya geji, kile kipimo cha nguvu ya gesi, akaanza hotuba yake kuhusu nishati safi na jinsi mradi unavyoinua jamii ya hapa. Aliposema jamii, nikatoka nje nikafunga valvu ya lile tawi la maji. Usimwamini akikwambia niliweka watu hatarini. Hakuna kilicholipuka wala kuvuja. Unga ulipata joto ukaacha kumeza, mshale wa geji ukasimama, basi. Mama mmoja kati ya wageni akauliza kuna shida gani. Injinia akasema ni hitilafu ndogo ya kiufundi. Mimi nikasema hapana, maji yamerudi kwa wenyewe. Nikawaonyesha mtaro.

Jioni hiyo mfereji wa Mama Wanjiru ulitoa maji, akafua mpaka giza likaingia. Mimi, niliyefukuzwa palepale, nilikuwa nafunga virago. Asubuhi valvu ilikuwa imefunguliwa tena, na mpaka leo iko wazi, maji yanaishia mtaroni. Hilo Injinia hakukwambia, na baba yake hakulisema akinywa chai yako.

Sasa unaniambia nimfikirie Phanice na karo yake ya chuo. Namfikiria kila siku kuliko unavyodhani. Nimepata vibarua vya kuchomelea hapa mjini, si kazi ya maana, lakini nitatuma ninachopata. Mwambie dada yangu asiache masomo kwa ajili yangu. Msalimie Mama, na umwambie ahsante kwa kuniambia ukweli. Msalimie Kukhu, bibi yetu, umpelekee ile tumbako ambayo Nekesa ameibeba, na wala usimhubirie.

Na tena, Baba. Injinia hanitaki kwa huruma. Ananitaka kwa sababu wageni wale wanarudi, na hataki wanikose wakiuliza nilienda wapi. Nikipiga magoti, nitakuwa nimesema mbele ya watu wote kwamba wale akina mama ndio waliokosa. Siwezi, na sitaki. Wewe ulimpa Mzee Makokha neno langu bila kuniuliza. Basi vaa koti lako la kanisani, uende nyumbani kwake, umwambie wewe mwenyewe kwamba siji. Akikuuliza kwa nini, usimwambie nilikuwa na hasira. Mwambie habari ya maji.

Ni mimi mwanao,
Shadrack