Siku ya Idi Sikumsalimia

Jumatatu, 2 Juni 2025

Baridi! Nimevaa sweta juu ya sweta, na bado meno yanagongana. Mafunzo yameanza leo katika ukumbi wa parokia. Mwislamu ni mimi peke yangu, na nimekuja na vitenge begani kwa sababu nilitoka moja kwa moja sokoni. Papa Kitenge anasema walinichagua kwa kuwa wanawake wa Kamina wanalia dukani kwangu zaidi kuliko kanisani. Labda ni kweli.

Mwalimu wetu ni Madame Lise, ametoka Lubumbashi. Mwembamba, sauti ndogo, lakini akinyamaza watu wote wananyamaza. Sisi wanawake tutawasikiliza wanaopigwa nyumbani. Papa Kitenge, mwalimu wa shule aliyestaafu, ataketi na wanaume wanaopiga. Sikujua kwamba hao nao wanaketiwa! Mimi ningewachapa.

Tuliigiza. Papa Kitenge mume, mimi mke. Akapiga kelele, chumvi iko wapi, chumvi iko wapi — ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikacheka. Madame Lise akamwambia arudie maneno yaleyale polepole, bila kelele, akiwa amenitazama. Akarudia. Hakuna aliyecheka tena.

Sheria mbili nimezishika. Tunayosikia kwa mke hatuyapeleki kwa anayeketi na mume, wala yeye hatuletei ya kwake, ila tu kama kuna hatari ya maisha. Na ukikutana njiani na mtu unayemsikiliza, usimsalimie. Pita. Mngoje yeye aanze, ili watu wasijue kwamba anakuja kwetu.

Nikasema, Madame, mimi nauza nguo, nasalimia mpaka mbuzi! Wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema nitajifunza.

Jumatano, 4 Juni

Leo tumemsikiliza mtu wa kweli. Madame Lise alikaa pembeni, mimi mbele. Mlango ukafunguka — namjua! Ni mteja wangu. Jina lake sitaandika hata hapa. Nitamwita Sifa. Na mume wake nitamwita Kalala, maana akina Kalala wamejaa mji huu, hakuna atakayejijua.

Nilitaka kusema namjua, apewe mwingine. Lakini Sifa alinishika mkono na hakuuachia. Madame Lise akaniitikia kwa kichwa, niendelee. Hapa nani hamjui nani?

Kalala ni fundi seremala. Mtu wa heshima. Ndiye aliyetengeneza rafu za duka langu, akakataa hata kunywa chai kabla hajamaliza kazi. Mwanamume wa "samahani" na "aksanti sana". Nilimpenda kwa hilo.

Sifa alisema mumewe hapigi uso hata siku moja. Kwanza anafunga dirisha. Halafu anafungua redio. "Nikisikia tu redio, yaya, mwili yote inakufa." Yaya, yaani dada, ndivyo anavyoniita. Mwaka jana alikimbilia kwao. Kalala akaja na mbuzi, akapiga magoti mbele ya baba mkwe, wazee wakala mbuzi, Sifa akarudishwa. "Balikula, balinawa mikono, maneno ikaisha. Kwangu minyi haikuisha."

Sasa anataka kwenda kwa dada yake mkubwa, kule Luena. Anangoja treni. Lakini akitoka nyumbani na mzigo, mama mkwe ataona.

Nilisikiliza kama tulivyofundishwa. Nilikuwa nawaza zile rafu zangu, jinsi zilivyonyooka.

Alhamisi, 5 Juni

Nimefanya jambo ambalo Madame Lise hatalipenda. Sifa alipita dukani akijifanya anachagua kitenge, akaniachia nguo zake na za mtoto. Nimezifunga vizuri, nikazisukuma nyuma kabisa, rafu ya chini. Treni ikifika atapita hapa kuzichukua, kisha moja kwa moja hadi stesheni.

Mshauri hatunzi mizigo, tumeambiwa. Najua! Lakini ningemwambia nini?

Ijumaa, 6 Juni — Idi

Siku njema, na mimi nimeiharibu.

Baada ya sala tulikula. Halafu, kama kila Idi, nikatoka na sahani za pilau kuwapelekea majirani na watu wa soko, Wakristo kwa Waislamu. Hiyo ndiyo Idi yangu, kutembea na kusalimia. Nilimsalimia mama wa mikate, vijana wa pikipiki, yule mzee kiziwi wa viatu ambaye hata hasikii. Jambo, jambo, Idi njema, na kwa Kiluba, wafwako!

Kwenye kona nikakutana nao. Kalala na Sifa, mtoto mgongoni, Sifa amevaa kile kitenge cha njano nilichomuuzia mwenyewe.

Nikakumbuka sheria. Nakiri, nilijisikia mwanafunzi mzuri. Nikamsalimia Kalala, nikamuuliza kazi, nikampa sahani. Kwa Sifa nikapitisha macho kama kwenye ukuta. Nikapita.

Kalala akaniita. Anatabasamu. "Mama Fadhila! Leo Idi. Unasalimia bantu yote, mpaka kiziwi. Na bibi yangu, haumusalimie? Juu ya nini?"

Nikasema sikumwona. Sikumwona! Kitenge cha njano, hatua moja kutoka usoni kwangu!

Aliniangalia. Kisha akamgeukia mke wake, akamwangalia polepole. Akasema "Aksanti kwa chakula, mama," wakaenda. Sifa hakugeuka.

Usiku huu kuna redio inalia mahali fulani mtaani. Ninajiambia si yao, wanakaa mbali. Mume wangu Yakubu ananiuliza kwa nini sili. Ninaogopa, nitamwambia nini?

Jumamosi, 7 Juni

Nilimweleza Madame Lise kila kitu kabla ya kikao, hata mzigo. Nilingoja anigombeze. Alikaa chini kwanza. Akaniuliza, hapa kwenu mtu akikupita bila kusalimia, maana yake nini? Nikamwambia: kuna kesi kati yenu. Au kuna siri.

Akafuta ile sheria ubaoni kwa kiganja. Alisema ameifundisha miji mingi na hakuna aliyemwambia hivyo. "Basi kwenu, kusalimia njo kujificha." Yaani salamu ndiyo inayoficha. Kisha akasema kosa ni lake kabla ya kuwa langu. Aliniambia mzigo utoke dukani mara Sifa atakapokubali mahali pengine, tusimbadilishie mpango bila yeye kujua.

Sikupata nafuu. Kosa liwe la nani, mgongo ni wa Sifa.

Wakati wa chai Papa Kitenge hakukaa na sisi. Alikuwa anazungusha kikombe mkononi. Alisema tu kwamba mwanamume mmoja mpya wa kikundi chake amemuuliza ni akina mama gani wanaowasikiliza wanawake. "Minyi sikumujibu," alisema. Hakutaja jina. Hakuhitaji.

Jumatatu, 9 Juni

Nimemwona! Mzima! Anatembea taratibu, mkono mmoja ameubana ubavuni, lakini mzima.

Alikuja sokoni na mama mkwe. Safari hii nilimsalimia kwa sauti ya kusikika mpaka stesheni. Bibi kizee akaingia kwa jirani yangu kubishana bei ya sabuni, na Sifa akainama juu ya vitenge vyangu.

Nilimwomba msamaha. Akasema hakuna wakati. Nilimuuliza, tuuhamishe mzigo? Akakataa, hapa ndipo mahali pekee anapoweza kufika bila kuulizwa. Halafu alinipa mpango wake mwenyewe, haraka, huku anapapasa nguo:

"Weye unasalimiaka bantu yote. Siku ya treni, kama unanisalimia, nitajua njia iko muzuri, nitaingia. Kama haunisalimie, nitajua yeye iko karibu. Nitapita tu, nitaenda stesheni bila bintu."

Kosa langu amelifanya kufuli lake! Nilitaka kulia. Mama mkwe akaita, akaenda.

Watu wanasema treni imeshatoka upande wa Kananga. Itafika lini, labda dereva mwenyewe hajui.

Jumanne, 10 Juni

Leo somo lilikuwa juu ya wanaume. Madame Lise alisema mwanamke yuko hatarini zaidi pale anapoondoka kuliko alipokuwa anakaa. Alisema na mengine mengi, sikuyasikia. Hilo moja lilinikaa kifuani.

Kisha aliniita nje pamoja na Papa Kitenge. Papa Kitenge amevua kofia. Alisema hii ni ile sheria ya hatari, ndiyo maana anafungua mdomo. Yule mwanamume alisema mbele ya kikundi, bila hasira, kwamba nguo za mtoto wake zimepungua nyumbani na atajua ziko wapi. "Alisema polepole, Mama Fadhila. Kama vile Madame alinifundisha kusema siku ile."

Tumekubaliana: soko limeshafungwa kwa leo na treni huenda ikafika kesho, kwa hiyo kesho mapema nitautoa mzigo na kuuleta hapa parokia. Sifa akipita nitamsalimia, ataingia, nitamnong'oneza uliko mzigo. Madame Lise atakuwa ukumbini kuanzia asubuhi. Papa Kitenge atakaa karibu na stesheni.

Nyumbani nilimwambia Yakubu kwamba kesho natoka mapema. Akasema vizuri, maana fundi naye atakuja mapema. Fundi gani? Yule Kalala, akasema, alipita kurudisha sahani ya Idi, muungwana sana, akauliza kama rafu zangu bado zimekaa vizuri. Yakubu akamwambia ya chini imelegea kidogo. Kalala akasema ataitazama bure.

Yakubu alikuwa amefurahi. Bure!

Nimemwambia mume wangu yote. Sikutakiwa, lakini nimemwambia. Alikaa kitandani, mikono kichwani. Alitaka kwenda kwa Kalala usiku huohuo kumwambia asije. Nikamkataza. Akienda, Kalala atakuwa amejua, na Sifa yuko ndani ya nyumba ile.

Jumatano, 11 Juni

Niko dukani. Naandika hapa kwa sababu Kalala amezoea kuniona na kalamu, atadhani ni hesabu.

Nilikuja kabla ya jua. Yeye alikuwa amefika. Ameketi juu ya sanduku lake la vyombo, mbele ya mlango wangu, koti limefungwa mpaka shingoni. Alisimama akanisalimia, salamu ndefu, zote — nyumba, mume, watoto, usingizi, baridi. Nikajibu zote.

Nilimwambia leo sina nafasi, aje kesho. Akasema haitachukua muda. Nikamwambia rafu ya chini ni nzima. Akasema ataanza na ya juu basi, ateremke.

Anatoa vitenge kimoja kimoja, anavikunja vizuri kuliko mimi, ananipa. Anagonga misumari. Anaendelea. Rafu ya juu amemaliza.

Nimemwandikia Madame Lise kwenye simu: yuko hapa. Ujumbe hauondoki. Hakuna mtandao! Yakubu, aliyenisindikiza, amekwenda kwa miguu kumwita, bado hajarudi.

Rafu ya pili. Anaimba chinichini, wimbo wa kanisa.

Treni! Imepiga honi upande wa magharibi. Soko zima limeinuka, wanawake wa mihogo wanabeba masinia wanakimbia, vijana wa pikipiki wanapiga makelele. Mimi sikuinuka. Kalala naye hakuinuka. Amepiga magoti mbele ya rafu ya chini, misumari mdomoni. Akaitoa mdomoni ili aseme.

"Mama Fadhila. Leo bibi yangu akipita, umusalimie muzuri."

Nikasema, ndiyo, kwa nini nisimsalimie.

"Njo vile," akasema. "Bantu wa heshima banasalimiana."

Ee Mola. Nikimsalimia, ataingia humu ndani, mikononi mwake. Nisipomsalimia ataenda — na huyu atajua, na stesheni ni hapo tu, na miguu yake ni mirefu kuliko ya mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Papa Kitenge yuko kule. Mzee, peke yake, na kofia yake.

Nimejisogeza. Nimekaa katikati ya mlango, kiti na vitenge vyote alivyonipa vimenizunguka. Akitaka kutoka itabidi anivuke. Mimi ni mnene, alhamdulillahi.

Ninaona njano. Kule, kwa mama wa mikate. Anakuja, hakimbii, mtoto mgongoni. Mama wa mikate anamsalimia, naye anaitikia. Anaangalia huku.

Nimefunga mdomo. Sitaufungua.

Ameniona.

Nyuma yangu nyundo imenyamaza.