Nisomee Vibao

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umeacha kukusumbua kwa kusimama kwenye mashine kutwa nzima, na yule msimamizi wenu mwenye kelele amepata ugonjwa wa koo wa kumpumzisha. Sisi huku hatujambo, ila mafua yamepita nyumba nzima, yakaanza kwa Mama yakaishia kwangu. Mama anakusalimu na anasema ule. Baba anakusalimu. Kitindamimba wetu anasema usisahau viatu vyenye taa, na ameniamuru niandike tafadhali mara tatu. Basi tafadhali, tafadhali, tafadhali.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu siwezi. Unanijua. Ukiniuliza habari nasema nzuri, halafu maneno yanaisha, na pembeni yangu wamesimama watu watatu wanasubiri zamu. Hamkuniita Kimya bure. Lakini nina jambo, Dada, na limenichanganya kiasi kwamba sijui hata nianzie wapi. Naona nianzie kwenye gari.

Gari uliliona kwenye picha tu, ile ambayo Baba amesimama mlangoni kama bwana harusi. Lilikuja wiki ile niliyomaliza mtihani wa mwisho. Ni la rangi ya fedha, lina milango minne, na viti bado vimefunikwa naylon ya kiwandani. Baba amekataza naylon isitolewe mpaka siku utakayokuja, akasema mtoto wa kwanza ndiye atakayelivua gari nguo zake za safari. Kwa hiyo mchana tunanata kama maandazi yaliyosahauliwa kwenye mfuko, na Kitindamimba ametoboa tundu upande wake akidai ni dirisha la kiti.

Mwanzoni ilikuwa furaha na vituko. Unakumbuka Baba amekaa miaka thelathini na mmoja kwenye lori la soda la watu, hajawahi kulikwaruza, mpaka wenzake wakamwita Mzee Breki kwa kuwa alikuwa anafunga breki wakati wengine bado wanafikiria. Sasa hili gari halina klachi. Kwa mwezi mzima mguu wake wa kushoto ulikuwa unakanyaga hewa. Akitaka kuwasha taa ya kukata kona anawasha waipa, na jirani wetu fundi cherehani akawa anamuuliza kila siku kama mvua inanyesha huko ndani peke yake. Mama akiweka kapu lake la sare za hospitali kwenye kiti cha mbele, gari linalia ti-ti-ti mpaka kapu lifungwe mkanda. Baba akasema gari lina heshima kuliko watoto wake, halibagui abiria.

Kila asubuhi, kabla ya kumpeleka Mama kwenye dobi la hospitali na Kitindamimba shuleni, Baba analizunguka gari akilipapasa kwa kiganja, kuanzia boneti hadi buti, polepole. Akimaliza anasema haya, na sote tunaingia. Mama alimwambia fundi cherehani kuwa ameletewa mke mwenza, tena asiyejua hata kuosha kikombe. Tukacheka sana. Nami nilicheka. Niliona ni mapenzi tu.

Mwezi wa pili Baba akasema sitakaa nyumbani kuhesabu mijusi nikisubiri matokeo, nitajifunza udereva. Nikadhani atanipa usukani. Badala yake akanikalisha kiti cha mbele pembeni yake, akaniambia nisome kwa sauti kila kibao, kila taa na kila mtu anayekaribia barabara. Alisema dereva huanzia mdomoni. Huko kwao kwenye lori, mgeni alikaa miezi mitatu akisoma vibao kabla hajagusa usukani. Nilimuuliza Mama kama ni kweli, akasema ni kweli tupu, kwamba Baba amefundisha nusu ya madereva wa soda kwa njia hiyo na wengine mpaka leo hupita mbele ya bucha wakasema bucha.

Dada, nilipata tabu. Nilikuwa nasema kwa sauti ya mbu. Baba anauliza umesemaje, narudia, anauliza tena, na Kitindamimba huko nyuma anapaza sauti, amesema taa nyekundu! Baba akawa ananiambia kibao hakina aibu, basi na wewe usione aibu kukisoma. Siku zikaenda. Punguza mwendo, shule. Njia panda. Matuta. Taa ya kijani. Mama mwenye mtoto mgongoni, upande wangu. Mwishowe sauti ikatoka, sijui kutoka wapi. Siku ya mtihani wa leseni nilimsomea mkaguzi kila kitu kwa nguvu, akaniomba nimwonee huruma kwa kuwa naye ana macho, lakini akanipasisha. Nilirudi nyumbani nikiwa mrefu zaidi.

Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa. Leseni ninayo, lakini kila asubuhi Baba alikaa palepale kwenye usukani na mimi palepale pembeni, na kabla hatujatoka getini anasema, haya, nisomee vibao. Nilifaulu, Dada. Ninasoma vya nini tena? Jioni alinipa gari nizunguke mtaani. Asubuhi, wakati barabara imejaa, hapana. Nikafikiri labda haniamini. Nililia kidogo, wewe peke yako ndiye unayejua sasa.

Halafu nikalikwaruza. Ilikuwa jioni, nalirudisha nyuma, Baba yuko ndani ya nyumba anasikiliza taarifa ya habari. Nguzo ya geti ikaubusu mlango wa nyuma, mkwaruzo wa urefu wa kijiko. Miaka thelathini na mmoja yeye hakuwahi, na mimi wiki tatu tu. Nilikimbia hadi kibanda cha vipodozi, nikanunua rangi ya kucha ya fedha, nikapaka harakaharaka. Chini ya ile taa ya njano ya kibandani ilikuwa fedha, nakuapia. Asubuhi kulipokucha vizuri niliiona kuwa ni waridi. Waridi kabisa, kama ulimi wa paka, katikati ya mlango wa fedha.

Nilisimama nikisubiri kiama. Baba akaja, akaanza kulipapasa gari lake, boneti, mlango wa mbele, mlango wa nyuma. Kiganja kikafika pale kikasimama. Kikarudi. Kikapita tena kwa ncha za vidole. Akaniambia, bila kugeuka, kwamba aliyelikwaruza gari ajifunze kutumia vioo, lakini aliyelipaka anastahili sifa, rangi imekubali kabisa, huwezi kuona kitu. Akasema haya. Tukaingia.

Nilidhani ananikejeli. Nilingoja acheke, hakucheka. Njia nzima nilisoma vibao nikimtazama usoni.

Tangu siku hiyo nikaanza kuona mambo ambayo yalikuwepo siku zote. Baba akimimina chai anaweka kidole ndani ya ukingo wa kikombe. Simu anaibandika puani kama anainusa. Nikipita karibu yake kimyakimya ananiita kwa jina la Kitindamimba mpaka nijibu. Gari akilirudisha nyuma anazima redio ili asikie ti-ti-ti ya gari linapokaribia kitu. Hata hivyo kila nilipotaka kuamini, linatokea jambo la kunipinga. Fundi cherehani akipunga mkono ng'ambo ya barabara, Baba anapunga pia. Baadaye niligundua fundi hupiga mluzi kwanza. Mama sijui anajua nini. Anaingia garini akiwa amechoka, anasinzia kabla ya kona ya kwanza. Nilijaribu kumwambia Baba siku moja tukiwa wawili, kwamba labda tupite kliniki ya macho, hata kwa ajili yangu tu. Akasema macho ya dereva yako kwenye kiti chake, barabara anaijua kwa kukaa. Kisha akaniambia nisome kibao kilicho mbele. Mbele hapakuwa na kibao.

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika. Dada, nilitaka kujua. Nilikuwa nimechoka kuamini asubuhi na kukataa jioni. Alhamisi ya wiki juzi nikaamua kunyamaza. Nilijiambia ni kwa taa moja tu, nione atafanyaje. Mama tulikuwa tumeshamshusha. Taa ilikuwa nyekundu, gari la mbele likasimama, naye akasimama. Moyo wangu ukatulia, nikasema moyoni kumbe mzima, kumbe ni mimi mwenye mawazo mabaya. Nikaendelea kunyamaza. Mpaka shuleni.

Unamfahamu yule bibi mvusha watoto, mwenye koti la chungwa na kibao cha duara. Aliingia barabarani, akainua kibao chake, na nyuma yake msururu wa watoto wameshikana mikono. Hapakuwa na gari mbele yetu. Baba hakupunguza. Nilikuwa namtazama yeye badala ya barabara, nikimwona ametulia, anavuma wimbo wake wa taarabu. Nilipiga kelele, simama. Sijawahi kutoa sauti kama ile. Breki zikalia, mkanda ukanikata bega. Boneti ilisimama mahali ambapo bibi aliweza kuipiga kofi bila kunyoosha mkono, na akaipiga, akamuuliza Baba kama watoto wa watu ameambiwa ni matuta. Baba akacheka, akasema magari mapya breki zake nzito. Lakini hakuliondoa gari mpaka nilipomwambia watoto wamekwisha kuvuka. Kitindamimba hakusema neno hadi aliposhuka. Wewe unajua hilo halijawahi kutokea.

Kwa hiyo ungamo langu la kwanza ni hilo. Nilikuwa macho yake, na nikayafumba makusudi, watoto wakiwa barabarani. Baba hajaniuliza kwa nini nilinyamaza. Afadhali angeuliza.

La pili ni hili. Jioni ileile nilipokuwa napiga pasi shati lake, nilitoa ufunguo wa gari mfukoni nikauficha. Funguo ziko mbili, wake na ule unaoning'inia ukutani, na wa ukutani nikautia mfukoni mwangu. Kesho yake, kabla ya safari ya asubuhi, Baba aliutafuta wake. Alipapasa mito ya makochi, akapapasa juu ya kabati, akapiga magoti akapapasa chini ya kitanda. Mama akamwambia uzee umepiga hodi, aufungulie mlango. Baba akajibu kwa sauti ndogo kwamba labda ni kweli. Mimi nilikuwa nimesimama pale, Dada. Nilimwona akijilaumu na sikufungua mdomo. Mimi ni mwizi au ni nini? Nikijiambia nimefanya vizuri, nakumbuka magoti yake sakafuni. Nikijiambia nimefanya vibaya, nakumbuka koti la chungwa.

Kisha akaninyooshea mkono nimpe wa ukutani. Nikasikia sauti yangu ikisema leo naendesha mimi, yeye anisomee vibao. Mama aligeuka kunitazama kana kwamba kapu ndilo lililosema. Baba aliushusha mkono. Akazunguka gari akilipapasa kama kawaida, akafungua mlango wa mbele wa abiria, akakaa, akajifunga mkanda. Akasema haya.

Na alisoma. Njia panda, alisema, na ilikuwa njia panda. Matuta, na yalikuwa matuta. Punguza mwendo, shule. Kila kimoja mahali pake, kwa sauti ya mwalimu, nami nikaanza tena kujiuliza kama nimemkosea bure. Halafu tukafika kona ya ghala la mbao, akasoma usipite gari lililo mbele. Kibao hicho, Dada, kiligongwa na trela miezi miwili iliyopita kikaondolewa. Limebaki shimo tu, na mtu ametupa humo chupa. Machozi yalinijaa machoni, nikaogopa kuyafuta maana mikono yote ilikuwa kwenye usukani. Nikajibu, ndiyo Baba, nimekiona.

Jioni tulipofika nyumbani nilijifanya kuendelea kuutafuta ufunguo chini ya makochi. Baba akaniambia niache. Akasema kitu kikipotea mikononi mwa watu wa nyumba moja hakijapotea. Sijui alikuwa anamaanisha nini. Sijui kama anajua. Tangu hapo kila asubuhi anakaa kiti cha pembeni na kunisomea, na mimi kila asubuhi naitikia, hata kile cha shimoni.

Dada, hatuwezi kuendelea hivi. Atahitaji kwenda kliniki, na mimi hanisikilizi. Anasikiliza watu wawili tu duniani, wewe na msoma taarifa ya habari, na huyo wa pili sina anwani yake. Njoo, hata kwa siku tatu. Ndani ya bahasha hii utakuta kitu kigumu nimekizungushia karatasi ya daftari langu la hesabu. Ni ufunguo wa Baba. Usiutume kwa posta wala kwa mtu. Uje nao mkononi, umrudishie wewe, na umwambie ni mimi niliyeuchukua, nitakuwa nimesimama nyuma yako. Naylon tutaitoa siku hiyohiyo.

Mama anarudia kwamba ule. Kitindamimba amepanda begani kwangu sasa hivi, anauliza kama tafadhali zake zimo, nimemwonyesha. Yule fundi cherehani naye amesema salamu zake zifike kabla ya stempu. Nikutakie afya na usingizi mzuri, nami nakusubiri kwa macho yote niliyo nayo.

Ni mimi mdogo wako,
Kimya