Vali Aliyoing'oa Clint

Roxy, uko wapi? Shika simu! Basi nakuachia ujumbe wa sauti.

Unakumbuka mume wangu Clint alivyoing'oa ile vali ya ekzosi kiangazi? Ile inayobana moshi ili injini ipate moto haraka. Alituringia pale uani: "Sasa gari linapumua! Sikilizeni mlio!"

Leo tumeingia dukani tukamwacha baba yake kwenye pikapu. Injini inanguruma, hita imefunguliwa mpaka mwisho, kama kila mtu anavyofanya hapa Fairbanks baridi ikikaza. Mzee mwenyewe alikataa kushuka. "Nendeni, mimi nina joto langu humu."

Foleni ikawa ndefu. Nikamwambia Clint twende tukamwangalie baba. Akanicheka. "Wewe nawe! Injini inawaka, unaogopa nini?"

Inawaka! Roxy, ilikuwa inawaka kweli. Tumetoka tunaisikia. Lakini vioo vyote vyeupe, barafu KWA NDANI. Hita inapuliza upepo wa friji. Bila ile vali, injini ikinguruma tu gari likiwa limesimama inapoa, na baridi ya leo umeiona.

Mzee hakuwa anatetemeka. Hicho ndicho kilichonimaliza. Ametulia, kofia ameivua, anafungua vifungo vya koti. Unajua wanaoganda, mwishoni huhisi joto wakaanza kuvua nguo.

"Clint, punguza hita mwanangu. Joto limezidi."

Joto limezidi, Roxy!

Tuko hospitali, wamemwingiza ndani. Clint amekaa sakafuni. Pikapu iko nje, hakuna aliyekumbuka kuizima. Naisikia hapa nilipo.