Jicho la Kulia la Nedyalka Kurteva

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha polisi cha wilaya, chumba namba 6. Jumatano, tarehe 19 Oktoba 2022, saa tatu na dakika ishirini asubuhi.
Jina: Stamen Kurtev. Umri: miaka 52. Kazi: fundi wa lifti. Makazi: mtaa wa Lipite, jengo la 14, ghorofa ya tano.
Mwandishi wa maelezo: Inspekta Yordanka Mileva.

Nimekuja kituoni mwenyewe, sikuitwa. Nimekuja kwa sababu ya Iskren Todev, umri miaka 23, muuzaji katika duka la dawa karibu na soko. Kijana huyo amekiri kwenu kwamba Jumapili alimpiga mke wangu jichoni. Hakumpiga. Inspekta ameniambia kwamba silazimiki kusema neno linaloweza kunitia hatiani. Nimeelewa. Naomba aendelee kuandika.

Mimi ni mwanachama wa klabu ya airsoft ya Vrani kwa miaka kumi na tisa. Huo ni mchezo wa vita vya kuigiza: bunduki zinafanana na za kweli, ila zinarusha punje za plastiki, ndogo kama pilipili manga. Tunachezea kiwanda cha zamani cha nyanya za kopo, nje ya kijiji cha Sinya Reka. Jumapili ya tatu ya kila mwezi ni siku ya wageni, na mwalimu wao ni mimi. Wananiita Bai Stamen, kwa kuwa nimewazidi umri. Mimi pia ndiye ninayepima kasi ya bunduki zote kabla ya mchezo. Kiwango chetu hakizidi mita 110 kwa sekunde.

Punje haiachi rangi wala alama yoyote kwenye nguo. Kwa hiyo mchezo mzima unategemea ukweli wa mtu mmoja, yule aliyepigwa. Akipigwa anapaza sauti, "Nimepigwa!", anainua mkono, anajifunika kichwa kwa kitambaa chekundu na kutoka uwanjani. Mpigaji hasemi kitu. Kumwambia mwenzako "nimekupiga" kwetu ni utovu wa adabu, na nimewahi kuwatoa watu uwanjani kwa kosa hilo. Sheria nyingine ni kwamba maiti haongei. Akishavaa kitambaa haulizwi wala hajibu, asije akawaambia wenzake adui kajificha wapi.

Mke wangu Nedyalka, mimi humwita Nedka, ana miaka 49. Ni dereva wa basi la mji, njia namba saba. Mwana wetu alihamia Ujerumani mwezi wa nane na nyumba ikawa kimya. Mnamo Alhamisi tarehe 13, baada ya chakula cha jioni, nilikuwa nimeitandaza bunduki yangu juu ya meza ya jikoni nikiitia springi mpya, ile inayosukuma punje. Nedka alikuwa anaosha vyombo. Akasema, "Jumapili nakuja na mimi."

Nikamwambia, "Wewe? Na magoti hayo?"

"Magoti yangu yanakanyaga breki ya basi zima kutwa nzima. Ya kwako yanapandishwa na lifti."

Nikacheka. Nikamuuliza amepatwa na nini, maana miaka kumi na tisa alikuwa anauita mchezo wangu ujinga wa wanaume wenye vitambi. Akafunga bomba akasema, "Nimechoka kula na redio, Stamen. Kila Jumapili mimi na redio." Naona aibu kusema kwamba nilifurahi sana usiku ule na sikumwambia.

Jumapili tarehe 16 tulifika kiwandani saa mbili na nusu asubuhi. Kulikuwa na baridi na ukungu. Wageni walikuwa kumi na mmoja, pamoja na Nedka na huyu Iskren. Wote walipewa bunduki za klabu na punje nyeupe, zile nyepesi. Nilizipima bunduki zao zote. Ya Iskren ilisoma mita 98, imo kwenye daftari la klabu, na daftari nimelileta. Nilipima na za wenyeji. Yangu sikuipima. Nilikuwa nimetia springi mpya siku tatu kabla na sikuipima. Mganga hajigangi, na mpimaji naye kumbe hajipimi. Inspekta ameniuliza kama nilisahau. Sikusahau. Niliona si lazima, kwa kuwa mimi ni mimi.

Kuanzia saa tatu hadi saa nne niliwafundisha. Niliwaambia waende wawili wawili, mmoja akisogea mwenzake amlinde. Niliwaambia wasirundikane mlangoni kama foleni ya mkate, wachungulie kona wakiwa wamechuchumaa kwa sababu adui hutazama usawa wa kichwa, na wasitoe mtutu nje ya dirisha. Niliwaambia wasirushe punje kabla ya kumwona mtu vizuri. Haya yote nimeyasema mara mia, nayajua kama sala.

Kisha nikafika kwenye miwani ya kinga. Niliwaambia miwani haivuliwi uwanjani, hata ukifa, hata nyumba ikiungua. Kioo kikiingia mvuke usiinue miwani. Chuchumaa, paza sauti, "Simama!", refa atapuliza filimbi, kila mtu atashusha bunduki, utatolewa nje ukafute. Hapo nikaongeza la kwangu. Klabu yetu ina desturi kwamba anayesimamisha mchezo kwa sababu ya mvuke anawanunulia wote banitsa, mkate wa jibini, Jumapili inayofuata. Nikawasimulia jinsi mwezi wa tisa mhasibu mmoja alivyosimamisha mchezo mara mbili, tukamwita Hamamu, yaani bafu la mvuke, na mpaka leo jina lake ni Hamamu. Wageni wakacheka sana. Nedka akasema mbele ya wote, "Mimi sinunui banitsa ya watu thelathini, nawaambia mapema." Wakacheka tena, nami nikacheka nao. Mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Miwani aliyovaa nilimpa mimi. Ilikuwa ya kwangu ya zamani. Kioo chake kilikuwa na dawa ya kuzuia mvuke, lakini dawa ile ilishachakaa. Nilijua.

Mchezo ulianza saa nne na nusu. Nedka na Iskren walikuwa pamoja, upande wa utepe wa njano. Mimi nilikuwa upande wa bluu. Saa tano na dakika kumi hivi nilikuwa nyuma ya mapipa, kama hatua kumi na tano kutoka jengo la tanuri. Nilitazama saa muda mfupi kabla, kwa hiyo nina hakika. Iskren alikuwa ndani ya jengo hilo hilo, dirisha la pili, akinirushia punje. Dirisha la kwanza nikaona kofia ikisogea na utepe wa njano. Uso sikuuona. Nilirusha punje tatu. Nikasikia, "Nimepigwa!" Ilikuwa sauti ya mke wangu.

Nitasema nilivyojisikia, hata kama haiandikwi kwenye karatasi za polisi. Nilifurahi. Nilisema moyoni, nimempata, leo atanisema mpaka Krismasi.

Alitoka mlangoni mkono juu, kitambaa chekundu kimemfunika kichwa chote mpaka kidevuni. Alipita karibu nami, kama hatua nne. Alikuwa anatembea polepole, mkono mmoja ukipapasa ukuta. Nilidhani ni kwa sababu ya kitambaa. Nikamnong'oneza, "Nedka, leo nani anapika?" Hakunijibu. Nikaona fahari. Nikasema, tazama, wengine nimewafundisha miaka na bado wanaropoka wakifa, huyu siku ya kwanza tu ameshika sheria.

Kitambaa kilikuwa chekundu. Ndiyo maana sikuona kitu.

Kutoka pale hadi kambini, wanakosubiri waliokufa, ni hatua karibu mia tatu. Nimezipima jana. Alimpita refa wetu, Doncho, ambaye naye hakumsemesha kwa kuwa maiti hasemeshwi. Kambini hapakuwa na mtu. Simu yake ilikuwa ndani ya gari na funguo za gari zilikuwa kwenye mfuko wa fulana yangu. Aliketi kwenye benchi akasubiri. Mimi niliendelea kucheza kwa dakika thelathini na tano. Nilipiga watu wengine wawili.

Filimbi ya mwisho ililia saa tano na dakika arobaini na tano. Nilifika kambini nikiwa na Doncho na wageni kadhaa, na Iskren akiwemo. Nedka alikuwa ameketi wima, kitambaa bado kichwani, mikono magotini, ngumi ya kulia imefumbwa. Nikamwambia, "Haya marehemu, fufuka, twende tukale." Akainua kitambaa. Sitaki kueleza jicho lilivyokuwa. Daktari ameandika.

Nilipiga magoti. Nikamuuliza, "Kwa nini hukuniita? Si ulipita karibu yangu?"

Akasema, "Ulisema maiti haongei."

Hakusema kwa hasira, bali kama mtu anayejibu swali la mtihani. Kisha akasema, "Kioo kilijaa mvuke. Nilikiinua kidogo tu, vidole viwili, nipanguse kwa kidole gumba." Doncho alikuwa ameshapiga simu kuita gari la wagonjwa. Lilifika saa sita na robo.

Tukiwa tunalisubiri, Iskren alianza kulia. Alisema, "Ni mimi. Niligeuka nikarusha bila kutazama, nikamsikia anapiga kelele. Ni mimi, Bai Stamen, nisamehe." Watu wote wakamgeukia. Mmoja akamtukana. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa mke wangu na nikanyamaza. Nilijiambia kwamba kwa sheria yetu mpigaji hasemi. Nilijificha nyuma ya sheria hiyo kama nilivyojificha nyuma ya mapipa. Inspekta ameniuliza kama wakati ule nilijua. Nilijua.

Jumatatu tarehe 17 asubuhi, hospitalini, daktari alisema jicho la kulia halitaona tena. Nedka aliuliza swali moja tu, kama mtu mwenye jicho moja anaruhusiwa kuendesha basi la abiria. Daktari akatazama karatasi zake. Nedka akasema, "Basi, nimeelewa."

Siku hiyo hiyo saa kumi jioni, tukiwa wawili, aliniambia, "Kwenye mfuko wa koti langu kuna leso. Ndani kuna kitu. Katupe." Nilikwenda nje kwenye korido nikaifungua. Ilikuwa punje moja, nyeusi. Ilinasa chini ya fremu ya miwani, ikamdondokea mkononi, akaishika ile njia yote na muda wote aliokaa kwenye benchi. Wageni wote walikuwa na punje nyeupe. Punje nyeusi, zile nzito, Jumapili ile alikuwa nazo mtu mmoja tu uwanjani, na Nedka ndiye aliyenisaidia kuzijaza asubuhi kwenye gari.

Nilirudi chumbani. Nikasema, "Nedka, hii..."

Akanikatiza. "Polisi wameshakuja. Nimewaambia sikuona. Usijifanye shujaa sasa. Mtoto yuko Ujerumani, basi limekwenda. Wakikufunga wewe mimi nibaki na nani, na redio?"

Nilikaa kitini mpaka wauguzi wakanitoa.

Jana Jumanne, saa nane mchana, alikuja hospitalini mama yake Iskren. Ni mwanamke mjane, anafagia shule. Alileta chupa ya jamu ya matunda, aliyoipika mwenyewe. Alisimama mlangoni na koti lake, hakutaka kuketi. Akamwambia Nedka, "Dada, mimi nimezaa mtoto mmoja tu na amekutoa jicho. Sijui nikuombe msamaha kwa maneno gani. Hali chakula, halali usingizi. Kazini wamemwambia asirudi mpaka kesi iishe." Kisha akainama akambusu Nedka mkono.

Nedka alipokea ile chupa. Akasema, "Asante, dada." Kisha akanitazama mimi. Siwezi kusema lile jicho moja lilikuwa linasema nini. Mama yule akanigeukia na mimi, akaniomba msamaha na mimi, na mimi nikamshika bega nikasema, "Yatapita." Tangu nizaliwe sijawahi kujichukia kama wakati ule.

Alipoondoka, Nedka aliniuliza, "Ulikitupa?"

Nikasema, "Nimekitupa."

Ninamkabidhi Inspekta leso na kilichomo. Bunduki iko kwenye gari, sijaigusa tangu Jumapili, ipimwe. Iskren hana kosa. Hakumpiga mtu yeyote siku ile, punje zake zote zilipiga mapipa, nilizisikia. Naomba aambiwe leo, kabla ya mchana, na mama yake aambiwe.

Mke wangu hajui kwamba niko hapa. Anajua nimekwenda kumchukulia supu.

Niliyoyataja hapa niliyatenda au niliyaona kwa macho yangu mawili. Nimesomewa, nimeyakubali, sina la kupunguza.

(sahihi) S. Kurtev

Maelezo ya afisa: Maelezo yamemalizika saa tano kasoro dakika kumi asubuhi. Nimepokea leso moja nyeupe, punje moja nyeusi ya plastiki na daftari moja la vipimo. Bunduki ilipimwa uani mbele ya shahidi na kusoma mita 149 kwa sekunde. Kuanzia hapo Stamen Kurtev si shahidi tena bali mshukiwa, naye amearifiwa. Iskren Todev amepigiwa simu saa tano na dakika tano.

Kurtev aliomba amweleze mkewe yeye mwenyewe. Nilimsindikiza hospitali. Alisimama kando ya kitanda akamweleza yote, mpaka la leso. Mke alimsikiliza bila kumkatiza, akamwambia aketi, akamfunga kifungo cha juu cha koti. Kisha akanigeukia mimi.

"Inspekta," alisema, "mimi sikuona. Andika hivyo."

Nimeandika.

Y. Mileva, Inspekta