Kile Alichosema Mchina

Jumanne, 11 Juni 1985

Citoyens, citoyennes! Wananchi wote wa Mangobo mnaombwa kusimama. Leo asubuhi, mbele ya darasa la sita, kifungo cha katikati cha koti la abacost la mwalimu Kasongo kimejiuzulu. Bila barua, bila sababu. Kiliruka mpaka kwenye madawati, na wanafunzi wakakipigia makofi kama mkubwa wa Parti, chama chetu cha pekee.

Tumbo ni langu, sina wa kumshitaki.

Nyumbani nilimpa mke wangu, Philomène, kifungo hicho. Akakiangalia, akakiweka mezani. Zamani angeshika sindano hata kabla sijavua koti. Nikamwambia kifungo kimechoka, kama mwenyewe. Hakucheka.

Alhamisi, 13 Juni

Bon, sasa najua. Jumapili kuna masua ya kushuka mto, na mke wangu atapanda mpaka Isangi, kwa mdogo wake Marie-Jeanne anayeuza samaki. Nikauliza, kwa siku ngapi? Hajui. Pengine atakaa kabisa kule. Tangu Emérence, mtoto wetu wa mwisho, aolewe, nyumba hii ni kama darasa wakati wa vakansi, bila watoto.

— Papa Emérence, unachekesha Mangobo yote. Mimi unaniletea nini? Uchovu tu.

Nilitaka kumjibu, kweli nilitaka. Nikasema Isangi kuna mbu wengi.

Ndiyo jibu langu lote! Mwalimu mzima!

Ijumaa, 14 Juni

Wenceslas ataniua. Ni président wa ciné-club yetu. Mbele ya watu anaitwa citoyen Lisasi, maana majina ya ubatizo yalikatazwa, lakini kaye hii ninamoandika haina kadi ya Parti.

Kazi yangu kwenye klabu ni moja. Nasimama pembeni ya drap nyeupe tunayotundika ukutani, nasoma Kifaransa kinachopita chini ya picha, nakitoa kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, ili mama wa sokoni na wazee wasiachwe nyuma. Leo tumejaribu film ya kesho. Ni ya Wachina, komedi ya mjini, tumeazima kwa klabu moja ya Kinshasa. Picha safi. Wachina wanaongea — loo, wanaongea! Chini, hakuna kitu. Hata herufi moja ya Kifaransa.

Nikasema basi, tuache. Wenceslas akashika kichwa. Wakubwa wa section ya Parti wamekwisha kualikwa, kuwarudisha ni kutukana urafiki wa mataifa!

— Kasongo, wewe hata kama hauna kitu ya kusema, unasema. Njo maana tunakupenda.

Nilicheka naye. Lakini neno hilo lilinifuata njia nzima. Nikakuta valizi iko wazi kitandani, nguo za Philomène zimekunjwa vizuri. Nikapita kwenda kunawa mikono.

Jumamosi, 15 Juni

Film ilienda vizuri. Watu walicheka sana. Nimechoka.

Jumapili, 16 Juni

Jana nilidanganya. Mtu kudanganya kaye yake mwenyewe, tena bila hata pombe! Haya. Niandike vile ilivyokuwa.

Salle, ukumbi wetu, ilijaa. Kwanza mtu wa section alituchezesha nyimbo za Parti mpaka jasho likatoka, halafu tukaruhusiwa kukaa. Film ikaanza. Bwana mmoja Mchina, mwembamba, yeye na mke wake wanakaa chumba kimoja na mama mkwe, pazia katikati. Bwana ananunua kabati kubwa, analifunga juu ya velo, baiskeli yake, anavuka nalo mji mzima. Kufika, ngazi ni nyembamba. Kabati likalala inje. Mama mkwe akafungua mdomo, nami nikaujaza: "Kabati ikikosa kuingia, wewe njo utalala ndani yake!" Mama Hadidja, yule wa mikate, alicheka mpaka akashika mbavu.

Maneno hayakunikosa. Yule bwana nilimjua. Mtaa mzima unamcheka kwa mapenzi, na mke wake anakunja nguo bila kuinua macho.

Halafu gare, kituo cha gari-moshi. Mke ameshika valizi. Ametumwa kazi mbali, au anaondoka mwenyewe, nani ajuaye? Bwana anafika mbio, termosi ya chai mkononi. Akaanza kuongea. Michezo ilikuwa imemwisha usoni. Aliongea, aliongea, na yule mama alimwangalia tu. Salle nzima ikanigeukia.

— Mwalimu! Hadidja akapaza sauti. Iko nasema nini? Tuambie basi!

Ndipo nilipomwona Philomène. Alisimama nyuma, karibu na mlango, yeye ambaye haji kwenye film hata kwa kuvutwa. Hakuangalia drap. Aliniangalia mimi.

La kusema nililijua. Lilikuwa fupi.

Nikasema: "Anasema hivi: mama, usiende na ufunguo wa kabati!"

Salle ikapasuka! Wakubwa wa section walipiga magoti yao kwa mikono, Wenceslas akanikumbatia. Nilipoangalia tena mlangoni, hapakuwa na mtu. Kwenye drap, gari-moshi liliondoka, bwana akabaki na termosi yake.

Tulirudi kila mtu na njia yake, tukalala mgongo kwa mgongo.

Asubuhi hii Philomène amefunga valizi. Akanimiminia chai — hata leo! Akauliza, bila hasira:

— Ule Muchina aliongea murefu sana. Yote ile ilikuwa juu ya ufunguo?

Nikasema mimi sijui Kichina.

— Najua. Haiko Kichina niliuliza.

Akatoka.

Sasa amekaa inje, juu ya valizi. Chai imepoa. Kifungo bado kiko mezani, karibu na mkono wangu. Désiré, kijana wa kubeba mizigo, amefika na pousse-pousse yake ya kusukuma, namsikia: "Mama, tupakie? Masua haingojake mutu." Philomène anaangalia dirisha hili.

Désiré anauliza mara ya pili.

Naacha bic hapa, nitoke —