Siku Waliyokuja Kung'oa Sola

Vuga, 4 Machi 2024

Mwanangu Twaha,

Assalaam alaykum. Natumaini huko Kilombero kwenye miwa u mzima. Mimi na mdogo wako Hidaya hatujambo, ila baridi inanisumbua magoti.

Nimeandika barua kwa kuwa simu haina chaji. Ile sola niliyokopeshwa na kampuni imekufa tangu Januari. Nimewaita waje kutengeneza, hawaji. Anakuja wa kudai tu, kijana wa Rangwi aitwaye Valentino. Juzi alinipinda mkono mbele ya Hidaya mpaka nikapiga magoti. Nataka kutoka kwenye mkataba huu. Nisomee hizi karatasi zao.

Mama yako, Saumu

Kilombero, 14 Machi 2024

Shikamoo Mama,

Mimi mzima, funga inaendelea vizuri. Magoti yakandwe kwa maji ya moto.

Nimesoma mpaka ukurasa wa mwisho. Wameandika wenyewe: kifaa kikiharibika wasikitengeneze kwa siku kumi na nne, mteja anakirudisha na mkataba unakwisha. Peleka vyombo ofisini Lushoto, udai karatasi yenye muhuri. Na Valentino akikugusa, usipigane naye. Nakujua, Mama.

Mwanao, Twaha

Vuga, 27 Machi 2024

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mwandiko usikushtue, vidole viwili vimevunjika.

Nilibeba betri na taa mpaka Lushoto. Binti wa ofisini akacheka: "Bibi, kamalize deni kwanza."

Jumatatu Valentino akaja na wenzake wawili kung'oa paneli. Nikamwambia, "Chukua, ila niachie karatasi kwamba tumemalizana." Akasema, "Nachukua, na deni linabaki." Nikaishika ngazi. Alinipiga teke la mdomo, jino likatoka. Nilipoanguka akanikanyaga vidole kwa buti, huku ananitazama. Kisha akapanda. Aling'oa paneli pamoja na bati, mvua ikawa inanyesha kitandani, Hidaya analia.

Wenzake walikuwa barabarani wanageuza gari. Alipoanza kushuka na paneli mgongoni, Twaha, niliisukuma ngazi. Kwa mikono yote miwili. Akaangukia mawe ya ukingo wa shamba. Mfupa wa paja ulitokeza nje, kioo kilimchana shingo, alipiga kelele kama ng'ombe anayechinjwa vibaya.

Jirani yetu Esta aliniona. Aliwaambia polisi ngazi iliteleza kwenye tope. Nami nikaitikia.

Mama yako

Kilombero, 8 Aprili 2024

Shikamoo Mama, pole sana. Sijala vizuri tangu barua yako ifike.

Niliwapigia simu wakubwa wao. Wanaogopa kuulizwa kwa nini mtu wao alipanda juu ya nyumba mvua ikinyesha. Wamefuta mkataba, karatasi hii hapa, ina muhuri. Basi nyamaza. Alikupiga ukiwa umefunga! Esta ni mtu mzima, hatasema. Idi njema.

Twaha wako

Vuga, 21 Aprili 2024

Mwanangu Twaha,

Salamu, na ahsante. Karatasi nimeipata, mkataba umekwisha kweli. Vidole vinapona, ingawa kimoja kimepinda.

Jana nilikwenda hospitali na ndizi kumwona Valentino. Nilitaka kujua kama atanitaja. Nilimkuta mama yake, Raheli, anamgeuza kitandani. Miguu haina hisia tena. Valentino akanitazama, akamwambia, "Mama, huyu ndiye niliyemvunja vidole." Kisha akaanza kulia, akaniomba msamaha. Anaamini aliteleza. Anasema Mungu alimwangusha kwa sababu yangu.

Raheli akanishika mkono huu mbovu akaubusu. Nami nikamwacha aubusu, mwanangu. Nikala hata chakula chao.

Usiku kucha sikulala. Aliyonitendea ni yake, atayajibu. Lakini siwezi kumwachia Mungu kazi ya mikono yangu. Kesho asubuhi nakwenda kituoni kusema. Nikitoka huko nitamwambia Raheli, wakiniacha nitoke. Esta nitamtetea, nitasema nilimsihi anifiche.

Hidaya nampeleka leo kwa shangazi yenu Rukia, Bumbuli. Njoo umchukue. Usije kunizuia; barua hii ikikufikia nitakuwa nimekwisha kusema.

Mama yako, Saumu